Mwiko wa Kuhesabu

Siku lakrosi ilipoingia Chechelesi, mtaa wa Isiolo, mama mmoja muuza maziwa alichungulia ndani ya ghala la zamani la mahindi, akaona wanaume wazima wamevaa kofia ngumu zenye waya usoni, wanakimbizana na vijiti vyenye kikapu cha wavu kwenye ncha, wanagombania mpira mdogo wa raba usiojaza hata kiganja. Alirudi kwenye mitungi yake akawapa wenzake habari kamili: "Wanaume wameiba miiko jikoni, sasa wanapigana nayo."

Ikawa basi. Wenye ligi waliandika lakrosi kwenye mabango, mtangazaji wa redio akang'ang'ana na lakrosi mpaka ulimi ukamteguka, lakini Isiolo nzima ikasema mpira wa mwiko. Nani atashindana na mama wa maziwa?

Sasa, mwiko ni wa kusongea ugali, na mwiko pia ni jambo ambalo mtu mwenye adabu zake halifanyi. Timu ya Isiolo ilikuwa nayo yote miwili. Miiko ya kuchezea walikuwa nayo wachezaji. Ule mwiko mwingine alikuwa nao Sabdio.

Sabdio alikuwa mtu wa mlango. Mpira huu wa ndani hausimamishwi ili watu wabadilishane. Kila timu ina watano wa kukimbia na kipa wao. Wakichoka, wanatoka mbio kupitia kijilango cha ubao kando ya benchi, wenzao wanaingia mbio, na mpira huko unaendelea na safari zake. Mmoja akiingia kabla mwenzake hajatoka, mmekuwa sita. Filimbi inalia, mmoja wenu anakwenda kukaa kifungoni dakika mbili, na nyinyi mliobaki mnapigwa kama ngoma ya harusi. Kwa hiyo lazima mtu asimame pale mlangoni na kutawala.

Kocha Marete, mwalimu wa michezo aliyetoka upande wa Meru, mtu mpole anayewaomba wachezaji wakimbie, alimtafuta mtu huyo mwenye sauti. Alimpata kwenye mnada wa mifugo, mwanamke aliyesimama kati ya madalali. Siku hiyo fahali na dalali walikuwa wanaingia lango moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiamini haki ni yake. Sabdio alisema neno moja, "Rudi!" na wote wawili wakarudi. Marete hakuuliza swali la pili.

Alipopewa jezi nyekundu ya timu, Sabdio aliikataa namba. Mgongoni pakaandikwa MLANGO, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Alitembea nayo mpaka sokoni, akapita mbele ya madalali wote waliozoea kuongea juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni kigingi, akapita tena, halafu akakumbuka amesahau chumvi, akapita mara ya tatu. Huko mnadani alilazimika kupiga kelele ndipo asikike. Hapa ghalani wanaume waliojifunika kama vifaru walimwangalia kidole chake ndipo watoke.

Tatizo lilikuwa moja. Sabdio hahesabu watu.

Kwao, nyumba ya wafugaji Waborana waliohamia mjini na desturi zao zote mgongoni, mwenye mifugo hahesabu mifugo yake, na mzazi hahesabu watoto wake. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi atakuambia, "Wapo, alhamdulillahi," na hilo ndilo jibu. Watu huangalia tu. Ng'ombe mweusi mwenye pembe iliyopinda akikosekana, pengo lake linaonekana kama jino lililong'oka. Macho ya Sabdio hayakuwahi kumdanganya malishoni wala mnadani.

Yalimdanganya mara ya kwanza wachezaji walipovaa zile kofia.

Mechi ya kwanza na Nanyuki, wakawa sita uwanjani, filimbi ikalia. Mechi ya pili, kule Marsabit, wakawa sita tena, na katika zile dakika mbili za adhabu Marsabit wakafunga goli la ushindi. Walirudi juu ya lori, mpaka taa za Isiolo zikaanza kuonekana.

"Madam," Marete alianza kwa upole wake, "ni watano tu. Vidole vya mkono mmoja! Mungu mwenyewe amekupa pa kuhesabia."

"Vidole ni vyangu, Kocha. Watu ni wa Mungu."

"Basi uwe unawaangalia vizuri."

"Nitamwangalia nani? Wote wana vichwa vya sufuria. Mbuzi hata siku moja hajafunika uso ili nimkose."

Salad, mfungaji wao, kijana wa Kisomali mwenye jina kubwa mjini na maneno makubwa zaidi, alicheka kutoka kona yake. "Eedo," akasema, maana Wasomali humwita hivyo shangazi wa heshima, "hiyo ya kutohesabu watu si dini. Nimemuuliza maalim."

"Sikusema ni dini. Nilisema ni adabu. Ama wewe adabu pia unamuuliza maalim?"

Lori zima likacheka, na Salad akajifunika uso kwa glavu.

Lakini Amino hakucheka. Amino ndiye mwenye timu, na lori lile lilikuwa lake na mengine mengi. Babu yake alikuja Isiolo na jeshi la wakoloni, akabaki, akanunua punda na mkokoteni. Wajukuu wakageuza mkokoteni kuwa malori. Mwanamke huyo anahesabu mpaka nati za magurudumu. Kesho yake alifika ghalani kabla ya mazoezi, akiongozana na karani wake Abdikadir, yule anayesimama mlangoni mwa bohari na kidude chake cha kubonyeza, klik kwa kila gunia linalopita.

"Salaam aleikum, Sabdio."

"Aleikum salaam, dada Amino. Karibu. Huyu naye amekuja kupima mahindi? Yaliisha zamani."

"Amekuja kuona mlango," Amino akasema, bila kuzunguka. "Nakupenda, Sabdio, wajua hivyo. Sauti yako naisikia mpaka nyumbani. Lakini mara nyingine tena wakiwa sita uwanjani, siku hiyohiyo, mlango anashika Abdikadir."

Abdikadir, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitazama chini akabonyeza kidude chake kwa aibu. Klik.

"Umehesabu nini hapo?" Sabdio akamuuliza.

"Hakuna. Ni mazoea tu."

"Basi tayari umekosea gunia moja."

Alitania, kwa sababu alikuwa mtu wa kutania. Lakini alipobaki peke yake alishika ubao wa kile kijilango kwa mikono miwili.

Si kwamba hakujua kuhesabu. Alijua sana. Alipokuwa msichana, walikuwa malishoni upande wa Kipsing, na siku moja wakaja watu wa mradi, wamevaa kofia nzuri, wakamwomba baba yake hesabu ya ngamia wake ili waandike. Baba alikuwa mkarimu; mgeni akiomba maji unampa, akiomba namba utamnyimaje? Akaitaja namba kwa mdomo wake. Wageni wakashukuru wakaenda. Mvua nazo zikaenda, na hazikurudi kwa muda mrefu. "Kufikia mwisho wa kiangazi," Sabdio hupenda kusema, "hesabu ya ngamia wetu ilikuwa rahisi sana. Hata mtoto wa nasari angeipata." Husema huku akicheka, na wasiomjua nao hucheka. Ndipo alipoacha shule akaenda kusimama mnadani. Hamlaumu yule mtu wa kalamu, na wala haamini kwamba namba huua ngamia. Lakini tangu siku hiyo, namba ya kitu anachokipenda haikutoka tena mdomoni mwake, na haitatoka kwa ajili ya kuogopa kidude kinachosema klik.

Jioni ile alikwenda Ngaremara kumwona kaka yake, baba wa Dima. Dima alikuwa mmoja wa wachezaji, kijana mwembamba mwenye kazi ya kuzuia, na ndiye aliyemfanya Sabdio aanze kuja ghalani kutazama. Jua lilikuwa linashuka na mbuzi wanarudi. Wifi yake alikuwa amefungua kibanda cha vitoto vya mbuzi, anavitoa. Kitoto kinatoka, kinalia, mama yake anaitika, kinakimbia moja kwa moja chini ya tumbo lake. Kingine. Kingine. Vumbi, makelele, kama stendi siku ya Idi. Kisha kelele zikapungua, zikafa, akabaki mbuzi mmoja mweupe amesimama peke yake, analia, hana kitoto cha kunyonyesha.

"Kale ka sikio lililokatwa," wifi akasema, bila hata kunyanyua kichwa. "Kamelala kichakani tena." Akaenda kukatafuta.

Hakuna aliyehesabu kitu. Sabdio alianza kucheka peke yake. Kaka yake alitoka nyumbani kuuliza kama amepigwa na jua.

"Nimepigwa na mbuzi," akasema. "Ndugu yangu, nimeajiriwa kazi ambayo nimeifanya tangu nianze kutembea, na mimi natafuta sura za watu!"

Mazoezi yaliyofuata aliwapanga wachezaji mstari mmoja. Katika mpira wa mwiko wa ndani, timu ikipoteza mpira, wafungaji hutoka mbio na wazuiaji huingia. Ikiupata, wazuiaji hutoka na wafungaji huingia. Sabdio alimshika mzuiaji mmoja na mfungaji mmoja, akawaunganisha mikono kama kadhi.

"Nyinyi wa kuzuia ni mama. Nyinyi wa kufunga ni watoto. Kila mtoto na mama yake. Mama na mtoto hawakai uwanjani pamoja hata wakipendana namna gani. Anayetoka anapiga kiganja changu, paa! Nikisikia kiganja cha mama, mtoto wake anaingia. Nikisikia cha mtoto, mama yake anaingia. Asiyepigiwa akae chini anyamaze."

"Na mama yangu nani?" Salad akauliza.

"Dima."

Benchi lote likaanguka kwa kicheko. Salad, mabega kama mlango wa benki, alimtazama Dima kutoka utosini mpaka viatuni, na safari haikuwa ndefu.

"Eedo, wallahi, mimi nimefunga magoli kuliko mtu yeyote ligi hii. Unanifanya mtoto wa huyu kijana? Huyu hata kivuli hana!"

"Mtoto ndiye anayekula. Mama kazi yake kukimbia na kuumwa maziwa. Unataka tubadilishane?"

"Aa, hapana. Acha nile."

"Kuja, mwanangu," Dima akasema kwa sauti ya kike, akifungua mikono. "Nikufunge kamba za viatu."

Ekaale, kipa wao Mturkana, aliyejaza lango lote hivi kwamba mpira uliomba ruhusa kupita, alipiga kelele kutoka mbali: "Na mimi, Mama? Mimi mtoto wa nani?"

"Wewe ni mti wa boma, Ekaale. Mti hautoki."

Siku ya kwanza walivurugika vibaya. Wawili waligongana mlangoni, na Salad akaingia bila kupigiwa, akarudishwa kwa neno lilelile la fahali na dalali. Marete alikaa ameshika ubao wake wa kuandikia bila kuandika kitu. Lakini kabla ya juma kuisha, mlango ule ulianza kuimba. Paa, toka, ingia. Paa, toka, ingia. Sabdio hakuwa na haja ya kuona sura. Kila mtoto kwenye benchi alikuwa na jicho kwa mama yake uwanjani, na kila mama alijua mtoto wake amekaa wapi. Mmoja akipitiliza, mwenziwe ndiye aliyelia wa kwanza.

Basi msimu ukageuka. Nanyuki walikuja na makoti yao ya baridi, wakarudi wameyabeba mkononi. Marsabit walikuja na kumbukumbu ya ushindi wao, wakaiacha palepale sakafuni. Watu wa mtaa wa Bula Pesa walianza kuja Jumamosi na viti vyao wenyewe. Watoto wa kweli, wale wa mitaani, wakawa wanapigana viganja na kuitana mama na mwana, na mama zao halisi wakaja kulalamika kwa Sabdio, naye akawaambia wangoje zamu yao. Filimbi ya mtu wa sita haikulia tena dhidi ya Isiolo.

Lakini jina baya ni kama harufu ya moshi. Unaoga, unabadilisha nguo, na bado mtu anakuuliza ulikuwa unachoma nini. Timu zote zilikumbuka kwamba Isiolo ndio wale wasiojua kuhesabu. Na aliyekumbuka zaidi alikuwa Rimberia, kocha wa mji wa Maua kule upande wa Meru, mtu mnene mwenye kicheko kizuri, aliyesoma na Marete na kumtania tangu wakiwa darasa moja.

Fainali ilikuwa Isiolo na Maua, ghalani Chechelesi, alasiri, jua limekalia mabati kama mtu aliyelipia kiti. Amino alikaa mbele kabisa. Abdikadir alikaa pembeni yake, kidude mkononi.

"Marete!" Rimberia aliita kutoka benchi lake kabla ya kuanza. "Leo mmemleta yule madam wa zizi? Ama leo kuna mtu amesoma?"

"Yupo," Marete akajibu. "Angalia usije ukachungwa."

Mechi ilikuwa ya kutoana jasho la ugoko. Mpira uligonga mbao na kurudi, watu waligonga mbao na hawakurudi upesi. Maua walifunga, Isiolo wakajibu. Isiolo walifunga, Maua wakajibu. Robo ya mwisho ilipokaribia kuisha, Maua walikuwa na magoli kumi na moja, na Isiolo nao hawakupungukiwa hata moja.

Hapo Isiolo wakapoteza mpira. Wafungaji wakakimbilia mlango. Paa, paa, viganja vikalia, wazuiaji wakaruka ndani. Salad alikuwa wa mwisho kutoka, mwiko begani, akampiga Sabdio kiganja kikali mpaka mkono ukawaka moto, na Dima akapita kama mshale. Na papo hapo, kutoka benchi la kijani, Rimberia akapaza sauti: "Sita! Sita! Refa, Isiolo wamekuwa sita!"

Kengele ya meza ya waamuzi ikalia. Refa akapuliza filimbi, akainua mkono. "Kila mtu asimame alipo!" Kisha akageukia benchi jekundu, akaanza kuonyesha ile ishara ya mtu wa sita.

Ghala lote likaguna. Kwenye kiti cha mbele, Amino alifumba macho. Abdikadir akasimama nusu, akakaa, akasimama tena, kama mtu aliyeitwa kwenye mazishi asiyoyataka.

Sabdio aliangalia kiganja chake. Kilikuwa bado chekundu. Salad alikuwa nyuma yake akihema, angeweza kumsikia. Kwa kitambo kidogo moyo wake uliuliza, je, na wale wengine? Halafu akaukemea moyo wake kama alivyomkemea fahali.

"Refa," akasema, "mkono huo urudishe kwanza. Umehesabu?"

"Meza imepiga kengele."

"Meza imesema ni Isiolo?"

Refa akageukia meza. Mwamuzi wa mezani akainuka nusu. "Tumesema wamezidi," akajibu. "Tumeona kumi na mmoja wanakimbia. Wa nani, hatujasema."

"Hapo umesikia," Sabdio akasema. "Hujahesabu. Umenusa tu." Akageukia benchi lake. "Salad! Mama yako yuko wapi?"

"Yule pale, Eedo. Mbele ya Ekaale, ameshika kiuno kama ana mimba."

Dima akanyanyua mkono. Watu wakaanza kucheka.

"Na wewe, mama yako?" Wa pili akaonyesha wake. Wa tatu akaonyesha wake, kule kwenye kona. Kila mtoto wa benchini alimwita mama yake, na kila mama aliitika kutoka uwanjani, mpaka wakaisha. Hakuna mtoto aliyebaki analia, na uwanjani hakuna jezi nyekundu iliyobaki bila mtoto.

"Hii ni mechi ama ni posa?" Rimberia akalalamika. "Refa, andika adhabu twende!"

"Mama," refa akasema, akijikaza asicheke, "haya nimeyaona. Lakini mimi nataka namba."

"Namba ya watu wangu haitoki mdomoni mwangu. Filimbi ni yako, hesabu mwenyewe. Lakini hicho kidole kikunje. Usiwanyooshee watu kidole kama magunia."

Refa akaangalia kidole chake. Akakikunja. Akahesabu kwa kidevu, midomo ikicheza, na alipomaliza akarudia, kisha akakunja uso. "Watano," akasema. "Watano na kipa." Akatazama meza tena. "Mna hakika walikuwa kumi na mmoja?"

"Wamezidi hadi sasa," mwamuzi wa mezani akasema. "Hapo ulipo kuna watu kumi na mmoja wa kukimbia."

Juu, mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Sabdio aligeuka taratibu, akatazama upande wa jezi za kijani. Kule kona ya mbali palikuwa na kijana mwenye kamba za viatu za njano, amepiga goti, anafunga kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa tangu asubuhi. Sabdio alikuwa amemwona akiingia. Hakuweza kuuona mlango bila kuuchunga, hata ukiwa wa jirani, na kijana huyo aliingia bila mtu kutoka.

"Abdikadir," akaita. "Lete hicho kidude."

Abdikadir alimtazama Amino. Amino, jicho moja limefunguka, akatikisa kichwa kukubali. Kidude kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka mlangoni.

Sabdio akakiinua juu watu wote wakione. Kisha, kwa ile sauti ya mnadani inayofika mpaka nyumbani kwa Amino, akaanza.

"Moja!" Klik.

Marete alidondosha ubao wake.

"Mbili!" Klik. "Huyu mwenye goti lililofungwa bendeji, tatu!" Klik. Mashabiki wakadaka. Bula Pesa na Chechelesi zikahesabu pamoja, "Nne! Tano!" wakigonga viti. "Kipa simhesabu, huyo mti wao. Na yule fundi viatu kule kona..." Akamngoja anyanyue uso. "Sita!"

Klik.

"Madam!" Rimberia alikuwa ameshika kichwa. "Madam, usihesabu watu wangu namna hiyo, tafadhali! Hata kwetu hatuhesabu watu hivyo! Nyanya yangu angekufukuza na moto!"

"Kumbe unajua," Sabdio akasema. "Msimu mzima unanicheka, na kumbe unajua."

"Madam," Marete akasema kwa sauti ndogo, "kumbe wewe unaweza kuhesabu."

"Nani alikuambia siwezi? Nilisema sihesabu wangu. Hawa ni wangu?"

Refa hakuwa na lingine la kufanya. Mkono wake ulizunguka ukaelekea benchi la kijani, na yule wa kamba za njano akaenda kifungoni, akiangalia nyuma kama mtu anayehisi amefuatwa. Wenzake nao walikuwa wamekosa raha. Unapohesabiwa kwa sauti na ghala zima, hata kama huamini, mgongo unakuwasha.

Sabdio alimrudishia Abdikadir kidude chake. "Kinafanya kazi vizuri sana," akamwambia. "Kitunze kwa magunia."

Kisha akafungua mlango. Mpira ulikuwa wa Isiolo sasa, na Maua wamepungua mtu. Dima alitoka, akapiga kiganja, paa, na alipopita akamwambia Salad, "Nenda ukale, mwanangu." Salad akaenda. Walizungusha mpira kutoka mwiko hadi mwiko, upesi upesi, mpaka Maua wakawa wanauona ukiwa umeshaondoka. Ulipomfikia Salad alijifanya anarusha juu, kipa wa Maua akapaa, naye akaupitisha chini, katikati ya miguu, taratibu kama mtu anayesukuma bahasha chini ya mlango.

Yaliyofuata hayaelezeki vizuri. Viti vilivunjika ambavyo wenyewe walikuwa wamevibeba kutoka nyumbani. Ekaale alimbeba Marete begani, Marete akiomba kwa upole ashushwe. Muda uliobaki ulipoisha, Amino alishuka kutoka kiti chake, akapita katikati ya watu, akafika kwenye kile kijilango. Alishika ubao wake akautikisa kidogo, kama anayepima mwenyewe uimara wake.

"Huu mlango," akasema, "ni wako mpaka uote kutu."

"Ni wa mbao, dada Amino. Hauoti kutu."

"Basi hiyo ndiyo hesabu yangu."

Rimberia naye alikuja kutoa mkono, kwa sababu alikuwa muungwana baada ya kushindwa. "Tutapona, madam?" akauliza, nusu mzaha, nusu kweli.

"Mtapona. Nimewahesabu kwa wema."

Jioni alipofika sokoni kununua maziwa, bado na jezi yake iliyoandikwa MLANGO, yule mama aliyeipa lakrosi jina alikuwa anafunika mitungi. Alikuwa amesikia kelele tu, mechi hakuiona.

"Haya, Sabdio, nipe habari. Mpira wa mwiko umeishaje? Magoli mangapi?"

"Wao walifunga kumi na moja," Sabdio akasema, akinyoosha chupa yake.

"Na nyinyi?"

"Sisi?" Akatabasamu. "Yetu yalizidi."